Kahawa Aliyoniagizia Mke Wangu

Mtu akikuambia anajua kahawa hapa Nakuru, mlete kwangu. Niliacha shule darasa la tano, nikaanza kupakia viazi kwenye malori ya watu kule Keringet, na leo kuna malori matatu yanapita Salgaa yakiwa na rangi niliyochagua mimi. Safari ndizo zilinifundisha. Madereva wenzangu walitafuna miraa; mimi nilikunywa kahawa tungu bila sukari, na sikuwahi kulaza gari mtaroni.

Kwa hivyo mkahawa ulipofunguliwa mtaani kwetu, mimi na mke wangu tulikuwa wateja wa kwanza. Kila Jumamosi tulikaa dirishani. Yeye ndiye alienda kaunta kuagiza, kwa sababu ile menyu imejaa majina ya Kiitaliano, na mimi sipendi kusimama mbele ya watu nikisoma kwa kidole. Daktari alikuwa amesema presha yangu haitaki kahawa. Nilimjibu kwamba yeye amesoma vitabu, mimi nimesoma barabara. Watu wa meza jirani niliwaeleza vile kahawa ya pale ni kali, na vile namaliza vikombe vitatu na bado nalala fofofo. Mke wangu alikuwa akiinamia kikombe chake tu, anatabasamu.

Alituacha mvua ndefu zikiisha.

Miezi miwili sikupita upande ule. Siku niliyorudi, nilienda kaunta mwenyewe, nikamwambia kijana wa pale anipe ile yangu. Akaniuliza ni gani. Hapo ndipo nilijua kwamba miaka mitatu nimekunywa kitu ambacho sijui jina lake. Kijana akanisomea menyu yote kwa upole, nikachagua kama mtu anayenunua ng'ombe gizani. Haikuwa yenyewe. Jumamosi iliyofuata nikachukua nyingine, moyo ukanidunda hadi nikashika meza. Ya tatu, hivyo hivyo. Nikajiambia ni huzuni.

Watoto waliniambia baba, si unywe chai nyumbani. Hawakuelewa. Nguo zake ninazo, picha ninazo. Lakini kile kikombe ndicho kitu alichonifanyia kila wiki, na nilikuwa nimekipoteza kwa sababu sikuwahi kuuliza.

Jumamosi ya nne nilimkuta msichana aliyekuwa akituhudumia zamani, amerudi kutoka likizo ya uzazi. Akachungulia nyuma yangu, akauliza mama yuko wapi. Nikamwambia. Aliweka kitambaa chini, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akanipa pole. Kisha nikamwuliza mama alikuwa akiniagizia nini.

Alisita. Akasema mama aliwakataza wasiniambie kabisa. Nikamwambia aseme tu, hakuna wa kumgombeza sasa.

"Mzee, yako haikuwa na kafeini," akasema. "Ilikuwa ile ya watu wa presha."

Nilicheka peke yangu pale kaunta. Mimi, bingwa wa kahawa. Nilizikumbuka meza zote nilizozihubiria, na yeye ameketi kando yangu, anajua, amenyamaza tu. Nilitaka kukasirika, lakini wa kukasirikiwa hayuko.

Nikamwomba anitengenezee. Alipoiweka mbele yangu nikanusa, nikajua ni yenyewe hata kabla ya kuonja. Ila sikukigusa kikombe. Nilimwuliza mama alisemaje ile siku ya kwanza, maneno yake yenyewe, asiyapunguze.

Msichana akafikiri kidogo. Halafu akaegemea kaunta kwa kiwiko kimoja, vile mke wangu alivyokuwa akiegemea, akashusha sauti.

"Huyu mzee wangu muwekeeni ile haina nguvu. Na msimwambie, atabishana na mimi mpaka jioni."

Nyuma yangu foleni ilikuwa imefika mlangoni. Nikamwomba arudie.