Kiti cha Kando ya Sir Ricky

Mwaka 1966 gazeti la Jumapili lilitoa picha ya Sheila Hargreave akitoka hotelini asubuhi na Ricky Vane, mwimbaji wa roki, suruali imembana mpaka unamwonea huruma. Dada mtu, Enid, hakungoja maelezo. Alilitupa sanduku la mdogo wake dirishani, kisha akaenda kanisani kwa Wamethodisti kupokea pole kama mfiwa.

Tangu hapo Enid akajipa kazi ya kulinda adabu za mji mzima wa Oswick. Sketi fupi, aliisema. Gitaa, alilisema. Waliozaa bila ndoa, hao ndio usiseme.

Miaka ikaenda. Malkia wa Uingereza akamtunuku Ricky cheo, akawa Sir. Mwaka 2003, kipara kinang'aa na nyonga ni ya bandia, akakubali kuja kunywa chai kanisani ili paa jipya lichangiwe. Enid akashona gauni.

"Kiti cha kando yake ni changu," akatangaza. "Birika la kanisa hili nimelishika mimi tangu ujana."

"Bi Enid," mchungaji akasema, "kiti kile tumemwekea mtu anayefahamiana naye."

"Kufahamiana? Mdogo wangu kalala naye!"

Kina mama wakapiga makofi. Wale wale waliompa pole.

"Basi mlete huyo mdogo wako," akasema mchungaji.

Enid akaenda kubisha kwa Sheila, mtaa wa pili tu, mlango ambao hakuwahi kuugusa.

"Mdogo wangu, njoo uniombee kiti."

"Loo! Leo mimi mdogo wako? Si uliniita malaya?"

"Ah, zamani hiyo. Watu tumeelimika."

"Umeelimika wewe, au yeye kapewa cheo?"



Siku ya chai Sheila alikuja, midomo myekundu, akakikalia kiti mwenyewe. Enid, gauni jipya na yote, akabaki wima anapitisha sandwichi za tango.

Sir Ricky akachukua moja, akatikisa kichwa. "Vijana wa siku hizi na miziki yao! Hawana haya kabisa."

Sheila akapaliwa na chai.

"Waambie, Sir, waambie!" Enid akadakia, machozi yanamlenga. "Mimi nimesema mpaka nimechoka!"