Ubovu wa Pikipiki Mpya

Mwaka 1953 Kashaija, bwana shamba wa serikali huko Nshamba, alipewa pikipiki mpya. Ile kuukuu ilikuwa na desturi ya kuzimika kwenye mlima wa Izigo, mbele ya nyumba ya Bibi Kemilembe. Hapo aliingia ndani, akatafuna kahawa ya kukaribishia wageni, na kabla injini haijapoa alikuwa ameshajua ni mibuni ya nani iliyoingiwa na ugonjwa.

Mpya haikuzimika. Alipoisimamisha mwenyewe, watu walikimbilia migombani, na Bibi akaitikia salamu mlango ukiwa umefungwa. Bwana shamba anayesimama kwa hiari yake amekuja kukagua. Anayesimamishwa na pikipiki ni mgeni.

Akairudisha Bukoba.

“Ina ubovu gani?” karani akauliza.

“Haiharibiki.”

Karani akamtazama sana, kisha akamrudishia ile kuukuu, akijigamba kwamba fundi ameshaiponya kabisa.

Kweli, ilipanda mlima wa Izigo bila hata kukohoa. Kufika kwa Bibi Kemilembe, Kashaija akafunga petroli kwa siri, akashuka, akaanza kuitukana kwa sauti kubwa.

Mlango ukafunguka.

“Imekufa tena? Pole, mwanangu. Ingia.”