Siku Korongo Alipokula Samaki wa Shangazi

Kabla hamjacheka, mjue kwamba kulikuwa na wakati mimi, mtu mzima mwenye cheti cha shule ya usiku kikining'inia ukutani, niliamini kabisa kwamba ndege ukimlisha dirishani asubuhi, yeye hukulipa kwa kula mbu wote wa nyumba yako. Aliyeniambia ni Oduor, rafiki yangu aliyekuwa mpishi kwa Mzungu mmoja kule Milimani.

"Umewahi kuona Mzungu wa Milimani akijikuna?" aliniuliza.

Sikuwahi (ingawa kusema kweli sikuwahi kumtazama Mzungu kwa muda wa kutosha hata ajikune).

"Basi ni hiyo kisanduku iko dirishani. Anawekea ndege mbegu. Ndege ana shukrani, bwana, si kama watu."

Aibu hii ingebaki kati yangu na Oduor kama nisingekuwa nataka kuoa. Nilimpenda Adhiambo wa Kombewa, naye alinipenda, wazazi wake hawakuwa na neno, lakini shangazi yake, Waya Perpetua (waya kwa lugha yetu ni dada ya baba), alikuwa na neno, na kwetu shangazi akiwa na neno wengine wote hunyamaza. Adhiambo alikuwa amewahi kuja Kisumu kumtembelea binamu yake, akarudi kwao na malaria iliyomlaza mpaka nywele zikanyonyoka. Waya akaapa: "Huyu mtoto haolewi kwa mbu. Nitakuja hiyo Kisumu, kwake Kaloleni, mwenyewe nione mahali atalala. Nikiumwa hata na mmoja, hakuna ndoa."

Mtu mwenye akili angenunua chandarua. Mimi nilikwenda soko la Kibuye kwa seremala.

Tena nilichagua kama mtu anayechagua ng'ombe wa mahari. Nilijaribu kopo la mafuta ya kupikia, nikaona litashika moto juani ndege waungue miguu. Nikajaribu nusu ya kibuyu, upepo wa ziwa ukaipindua na kunimwagia mtama wote kichwani. Mwishowe nikataka kisanduku cha mbao, kipana, chenye paa la bati, cha kupigiliwa misumari pale pale dirishani.

"Ni ya kuku?" seremala akauliza.

"Ya ndege wa porini."

"Wa porini si wako na porini yao?"

Nikamhurumia kwa kukosa elimu.

Ndege walikuja, wale wadogo wa manjano wanaofuma viota, wakala mtama kwa kelele ambazo nadhani Muhoroni walizisikia, na mbu hawakupungua hata kidogo, wengine waliongezeka unene. Hapo ndipo nikaingiza sayansi. Nikajiambia: hawa ni wala nafaka, na mbu ni nyama, kwa hiyo ninaowahitaji ni ndege wala nyama. Asubuhi ya siku aliyokuja Waya nilikung'uta mtama wote, nikajaza kisanduku omena, wale dagaa wa ziwani.

Waya Perpetua aliwasili akiwa na kitambaa cheupe cha kanisani kichwani na uso wa hakimu. Jirani yangu Mama Awino alikuwa amenipikia ngege mzima wa mchuzi (samaki mkubwa jamani, kichwa kilikuwa Kaloleni na mkia unakaribia Nyalenda). Nilimkalisha Waya karibu na dirisha, mgongo wake kwenye mwanga, nikaweka samaki mbele yake, naye akafumba macho akaanza kuombea chakula.

Sasa kumbukeni kwamba kwetu mbele ya wakwe mtu hapandishi sauti, harukiruki, hata chafya anaimeza. Basi Waya akiwa ameshaombea Kombewa yote na anaingia Kisumu, chumba kikawa giza. Nikatazama dirishani. Alikuwa korongo, yule mwenye upara na mfuko shingoni anayeshinda machinjioni kama mzee anayengoja pensheni. Omena zote alizimaliza kwa kudonoa mara chache, kisha akapitisha kichwa ndani, juu ya bega la Waya, akamtazama samaki.

Ningefanya nini? Nilimkunjia uso. Nilimwonyesha meno. Nilimtikisia kidole chini ya meza.

"...na ubariki mikono iliyotayarisha," Waya akasema, na korongo akachukua samaki.

"Amina!" nikapiga kelele, heshima ikaishia hapo. Niliruka juu ya meza nikamshika ngege mkia, korongo akavuta kichwa, nami nikavuta, mchuzi ukakiogesha kile kitambaa cheupe, kisanduku changu kikang'oka na misumari yake, na mimi nikajikuta nimening'inia dirishani, kichwa na mikono viko nje kwa majirani, miguu iko ndani kwa mkwe, na suruali imepasuka mahali ambapo mkwe hapaswi kupajua.

"Bwana!" Mama Awino akaita kutoka jikoni kwake. "Samaki nilipikia mgeni, ama nilipikia ndege?"

"Mwachilieni," mwingine akadakia, "anapeleka mahari!"

Korongo akaenda kumalizia mlo juu ya paa. Mimi nilibaki na mkia. Nikarudi ndani kinyumenyume, nikauweka kwa heshima kwenye sahani ya Waya, kwa kuwa mgeni hapewi sahani tupu. (Toka siku hiyo sijalisha kiumbe chenye mabawa isipokuwa kuku, na kuku naye ninajua mwisho wake.)

Waya aliutazama mkia, akajifuta mchuzi usoni, akauliza polepole, "Hiyo kisanduku ilikuwa ya nini?"

Nikamweleza yote, kuanzia Milimani. Midomo yake ikaanza kutetemeka, nikafikiri ni hasira, kumbe anazuia kicheko, kikamshinda, akacheka mpaka akafungua kitambaa kichwani akajipangusia machozi.

"Mtu anapigana na korongo kwa ajili ya mtoto wetu," akasema, "huyo nitamfikiria. Nunua neti, Baba. Nitarudi kuiona ikiwa juu ya kitanda, halafu tutaongea ng'ombe."

"Na ndege je, Waya?" nikauliza, maana bado nilikuwa na tumaini kidogo na kile kisanduku.

"Ndege analala jua likitua," akasema. "Mbu ndio anaamka. Watakutana wapi?"