Nyuki Waliomwangukia Mama Rose

Nilipokuwa mdogo kule Shauri Moyo, watu wazima wenye akili zao waliamini kwamba mganga anaweza kuwatuma nyuki wamtafute mwizi, na kwamba nyuki hao hawamgusi asiye na hatia.

Redio ya jirani yetu, Baba Soita, ilikuwa imeibwa. Akaenda kwao magharibi, akarudi na mganga aliyenuka jasho la juzi. Nyuki waliishi miaka na miaka upenuni mwa bafu la pamoja bila kumsumbua mtu. Mganga alinong'ona maneno yake, kisha akaupiga upenu kwa mti wa ufagio. Nyuki wakamwagika. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa wa kwanza kutimua mbio, nasi tukajifungia ndani.

Mama Rose, aliyekuwa akiuza ndizi mbivu, akaingia uani na karai lake kichwani, hajui lolote. Wakamvamia.

"Ni yeye! Si mnaona?" Baba Soita alipiga kelele dirishani.

Mama Rose akagonga kwetu. "Mama Wafula, nifungulie! Ni mimi, jamani!"

Mama yangu, ambaye hakumaliza wiki bila kula ndizi za mama huyo, alishikilia komeo. "Nyamaza," aliniambia. "Wacha wafanye kazi yao."

Hakufa. Uso ulivimba hata macho yakapotea, na alipopata nafuu akahamia mtaa wa Baba Dogo bila kumuaga mtu. Jioni ile wanaume waliwafukiza nyuki, wakagawana masega. Majirani walilamba vidole palepale alipoangukia, katikati ya ndizi zilizopondeka.

Sasa mimi ni mfugaji wa nyuki. Hawa wetu ni wakali kuliko wale wa Ulaya, ambao wafugaji wengi hufungua mizinga yao mikono mitupu. Ukiwagongea wetu, hutoka kundi zima na kukufuata mbali. Mmoja akichoma, mwiba wake huacha harufu inayowaita wenzake, na harufu hiyo inafanana na ya ndizi mbivu. Huo ndio ushahidi wote uliokuwepo dhidi ya Mama Rose.

Majuzi nilimweleza mama yangu. Alisikiliza mpaka mwisho, akakoroga asali kwenye chai yake.

"Lakini tangu ahame," alisema, "hakuna kitu kiliibwa tena."

Nilikisukuma kikombe changu, nikatoka nje. Nyuki walimwachilia Mama Rose jioni ileile. Sisi bado.