Mguu Si Gunia

Yaba Amihere hakuwa mtu wa kuonewa huruma, na ukijaribu ungejuta mwenyewe. Hapa kwetu Ahanta kila mwenye gunia la muhogo wa kukaanga alimjua: mwanamke wa miaka hamsini na mmoja, mfupi, mikono minene, sauti inayotoka sokoni ikafika kanisani bila kipaza sauti. Kwa miaka kumi na mmoja alimfanyia kazi Malkia wa Muhogo, mkuu wa wauzaji wote wa soko, bibi kizee aliyekuwa hatoki kitandani. Yaba ndiye aliyeamua ugomvi wa meza, ndiye aliyewakemea madereva wa malori, ndiye aliyehakikisha kopo la kupimia halijabonyezwa kitako. Kiti cha mwingine, jasho lake. Sasa bibi alikuwa amekufa, arobaini imepita, na wauzaji walikuwa wamempelekea chifu majina mawili: Yaba, na Afiba Ackah, mrembo wa watu, ambaye ukimpa muhogo mbichi atakuuliza unavuliwaje koti. Chifu angewaona Jumatatu na kuchagua mmoja. Yaba alikitaka kile kiti, na wala hakujifanya hakitaki.

Tatizo lilikuwa mguu.

Mguu wa kushoto ulianza kuvimba wakati wa mvua. Kwanza kifundo, halafu kisigino kikapotea, halafu ndara zikagoma kuingia. Alipaka hiki, akapaka kile, mpaka alipochoka akaenda zahanati kwa nesi Efua Quansah, binti mwembamba asiyecheka ovyo. Nesi aliubonyeza mguu kwa kidole gumba, akangoja, akatazama shimo lilivyochelewa kujaa.

"Mama Yaba, haya ni matende."

"Matende! Mimi? Nimekanyaga dawa ya nani?"

"Hujakanyaga dawa ya mtu. Ni mbu. Wamekuachia vijidudu zamani hizo, vimeharibu njia zinazopitisha maji mwilini. Sasa maji yanatuama."

"Mbu wanauma kijiji kizima, halafu nivimbe mimi?"

"Hilo kawaulize mbu, mama."

Nesi akamweleza kwamba daktari wa miguu ya namna hiyo huja kutoka Takoradi kila miezi mitatu, na zamu yake ijayo ni tarehe kumi na nne Novemba. Wiki sita. Hadi hapo aoshe mguu asubuhi na jioni kwa maji na sabuni, aukaushe hadi katikati ya vidole, auinue akikaa, achezeshe kifundo, na asitembee pekupeku hata hatua moja, maana kijeraha kidogo tu kingemletea homa na uvimbe maradufu.

Yaba aliogopa. Tusidanganyane, aliogopa siku nzima. Kesho yake akawa amechoka kuogopa, akanunua sabuni tatu na viatu vya turubai vya kiume, akarudi kwenye sufuria lake la kukaangia. Aliyemuuliza mguu una nini alijibiwa: "Una matende. Na wewe mdomo wako una nini?"

Lakini mbele ya chifu mambo ni mengine. Pale kila mtu huvua viatu mlangoni akasogea pekupeku, awe nani. Na mtu anayetaka kukalishwa kwenye kiti cha mila hutazamwa mwili. Mwenye kilema, kiti kinamkataa. Afiba alikuwa ameshaanza kulisema hilo sokoni, kwa sauti ya masikitiko, eti maskini Yaba wa watu.

Ijumaa ile mdogo wake Yaba, Akasi, alikuja na wazo. Huyu Akasi ndiye fundi wa kukamua. Muhogo ukishakunwa hutiwa guniani, ukafungwa kwa mipira ya tairi za baiskeli, ukakandamizwa na mawe mpaka maji yote yatoke.

"Dada, nesi kasema nini? Si maji?"

"Ni maji."

"Basi maji sisi tunayaogopa? Maisha yetu yote tunakamua maji! Tukufunge leo, tukufunge kesho, Jumatatu unaingia kwa Nana chifu na mguu wa msichana."

Wakacheka, mapumbavu mawili, wakaufunga mguu kuanzia kifundo hadi gotini, mpira juu ya mpira, wanavuta kwa kuegemea ukuta. Mwanzoni Yaba alisifu. Baada ya saa moja vidole vilikufa ganzi. Baada ya saa mbili vilikuwa na rangi ya biringanya, na Akasi akaanza kulia huku akikata mipira kwa kisu cha kumenyea. Ngozi ilikuwa imepasuka mahali pawili, kifundoni na chini ya kidole kidogo kilichovimba.

Nesi Efua alipouona hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililouma zaidi. "Mguu si gunia, mama," alisema, akisafisha. "Umeniongezea kazi, umejiongezea maumivu. Ukikanyaga uwanja wa chifu na vidonda hivi, pale mbuzi wanapolala, Jumanne utakuwa kitandani unatetemeka. Hata hiyo tarehe kumi na nne huenda usiifikie ukiwa na nguvu."

"Kwa hiyo nisiende?"

"Nimesema usikanyage. Kwenda ni shauri lako."

Njiani kurudi Akasi alishauri wapeleke taarifa kwamba dada ana homa. Yaba akasimama katikati ya barabara. "Nimewafanyia kazi miaka kumi na mmoja, leo nijifiche kwa ajili ya mguu? Mguu ni wangu, kiti ni changu. Vyote viwili vitaingia."

Jumatatu asubuhi baraza lilijaa. Afiba aliingia kwanza, pekupeku, miguu imepakwa mafuta inang'aa, akazunguka ili wote waione. Kisha akaja Yaba na viatu vyake vya kiume, na nyuma yake Akasi amebeba mkeka mpya na beseni la maji.

Mzee Kwofie, msemaji wa chifu, akagonga fimbo yake chini. "Yaba! Umesahau ulipo? Vua!"

"Navua, baba. Ndiyo maana nimekuja na mkeka."

Akasi akatandika. Yaba akasimama juu ya mkeka, akainama kumsalimu chifu, kisha akakaa, akavua kiatu, akafungua kitambaa cha nesi, akauweka mguu wazi mbele ya wazee tisa na nusu ya soko. Wanawake waligutuka. Mtu mmoja akasema "Mungu wangu" kwa sauti.

"Tazameni vizuri, msije mkasema nilificha," alisema Yaba, akaanza kuuosha. "Haya ni matende. Sikulogwa, sijalaaniwa, na huambukizwi kwa kununua muhogo wangu. Nangoja daktari wa Takoradi, na wakati nangoja naosha hivi, nakausha hivi, hata hapa katikati ya vidole. Huu ufa niliutia mwenyewe kwa ujinga, nilijikamua kama gunia." Watu wakacheka bila kutaka. "Sasa niambieni. Kopo la kupimia linashikwa na mguu? Dereva wa lori anakemewa na mguu? Kama kuna aliyedhulumiwa nikiwa nasimamia soko hili, asimame yeye mwenye miguu mizuri aseme."

Hakusimama mtu. Mzee mmoja akakohoa, akasema mila ni mila, mwili wenye dosari haukai kitini. Wengine wakaitikia kwa kichwa. Yaba akaendelea kufuta.

Nana Mieza, chifu wetu, alikuwa anautazama mguu. Alikaa kama akaavyo miaka yote, kitambaa kikubwa kimemfunika mpaka chini, viatu vyake vipana vya kichifu juu ya kigoda, maana mguu wa chifu haugusi ardhi. Akamnong'oneza msemaji, na Mzee Kwofie akauliza kwa niaba yake: "Nana anauliza, ukilala ukauinua, asubuhi unakuwa umepungua?"

"Unapungua, Nana. Mchana unarudi."

"Na uzito?" msemaji akaleta swali la pili la chifu. "Ule wa jioni, kama umefungiwa jiwe?"

Yaba akaacha kufuta. Wiki nzima watu walikuwa wamemuuliza kuhusu ukubwa wa mguu, kuhusu laana, kuhusu aibu. Uzito wa jioni hakuna aliyeuuliza, kwa kuwa hakuna aliyeujua.

"Upo, Nana," akajibu polepole. "Hasa siku za kusimama sana."

Chifu akasema mwenyewe, bila msemaji: "Mpeni kiti chake." Wazee wakatazamana, lakini lililotoka mdomoni mwa chifu halirudishwi. Soko likalipuka kwa vigelegele, Akasi akamwaga beseni kwa furaha, na Afiba akakumbuka ana safari.

Watu walipotawanyika, msemaji akamwambia Yaba abaki. Chifu akamtoa nje hata Mzee Kwofie. Wakabaki wawili.

"Huyo daktari," alisema Nana Mieza, "anaonekana faragha?"

"Anaonekana kwa foleni, Nana. Inaanza saa kumi na mbili asubuhi."

"Chifu hapangi foleni. Wakiniona, wataniondoa."

"Mimi wameniona, Nana, na wameniweka."

"Umewekwa kwa sababu mimi nimesema. Mimi nani atanisemea?"

Chifu akainama, akavuta kitambaa juu taratibu. Kifundo hakikuwepo. Ngozi ilikuwa imekakamaa, na katikati ya vidole palikuwa na vidonda ambavyo havijawahi kuoshwa na mtu. Yaba akasahau adabu zote.

"Ee, baba wee! Tangu lini?"

"Mwaka wa nne huu."

"Na nani anajua?"

"Wewe," alisema chifu.

Yaba akausogeza mkeka wake mpaka miguuni pake, akapiga magoti.

"Basi mimi ndiye nitakayekusemea," akasema, na akamwita Akasi alete maji mengine.