Mume Wangu Aliwaambia Watu Namuuguza Shangazi Songea, Kumbe Nilikuwa Njiani Kwenda Cape Town

Admin, habari za kazi. Naomba jina langu lisionekane, Kariakoo tunajuana na mume wangu ni mfuasi wa ukurasa huu.

Mimi ni mwanamke wa miaka 32, nauza zipu, vifungo na nyuzi za mafundi cherehani pale Kariakoo. Mume wangu nimuite Idi, si jina lake. Anauza spea za magari mtaa wa Gerezani. Tumepanga Buguruni, mtaa wa pili kutoka kwa mama yake. Hatujajaliwa mtoto bado.

Idi ndiye aliyenipandisha wazimu wa safari. Kila jioni ananionyesha video za watu wanaozunguka dunia kwa mabasi na meli, wanalala stendi, wanapika wenyewe. Akasema na sisi tutafika Cape Town kwa barabara, halafu mwaka mwingine tupande meli za mizigo mpaka Komoro na Madagaska. Nikaanza kudunduliza. Nguo mpya sikununua, harusi za watu nikawa natoa udhuru. Tulipotimiza nauli tukakata pasi za kusafiria. Mama yake tukamwambia tunaenda kutembea Mbeya, maana Idi alisema akijua ukweli atatuzuia.

Tulipanda treni daraja la chini na mkoba wa maandazi makavu na karanga. Mbeya tukalala stendi, tumeegemea mabegi. Kufika Tunduma, mpaka unauona kwa macho, Idi akasimama.

"Mimi narudi."

"Unarudi wapi? Si Zambia ile pale."

"Mama kapiga, presha imepanda. Wewe tangulia usipoteze nauli. Nitakukuta Lusaka."

Nilimsubiri Lusaka kwenye gesti ya vitanda vya kupandana. Kila nikipiga, anasema kesho. Mwisho akaniambia, "Endelea tu mke wangu, nimekuruhusu. Ila picha usiweke popote mpaka nikwambie." Alisema kwa simu, ushahidi sina. Kuhusu ile presha, alikuja kunikiri baadaye kwamba haikuwepo. Stendi ilimchosha tu. Kumbe alichopenda ni kutazama video.

Nikaenda. Nilipita Livingstone nikalowa na mvua ya maporomoko, nikavuka jangwa la Namibia ndani ya basi bovu lililotuacha njiani mpaka dereva wa lori la chumvi akatubeba. Nilikula mikate na parachichi mpaka nikakinai. Nilipofika Cape Town nilienda moja kwa moja baharini, nikasimama kwenye baridi nikalia peke yangu. Nilimtumia Idi picha. Akajibu kidole gumba.

Kurudi nikapitia Malawi, nikapanda meli ya ziwani, nikalala juu ya kanga katikati ya matenga ya dagaa. Nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuwa nayo, na nilikuwa narudi nayo kwa mume wangu.

Nashuka Buguruni, jirani wa kwanza kunipokea akaniambia, "Pole na kuuguza." Sikumuelewa. Wa pili akauliza, "Shangazi anaendeleaje?" Ndani ndipo Idi akaniambia kwamba aliporudi peke yake aliona aibu, akasema shangazi yangu wa Songea kaugua ghafla na mimi nimeenda kumuuguza. Mama mkwe alikuwa ameshasoma dua na kupika pilau kwa ajili ya mgonjwa asiyekuwepo.

"Nyamaza kidogo tu," Idi akaniomba, "nitawaambia mwenyewe."

Nikanyamaza. Mama mkwe akiuliza shangazi alikuwa anaumwa nini hasa, Idi ananiwahi, "Figo, mama." Nimeitikia pole za watu mpaka nikaanza kujichukia. Picha zote za safari zimefungwa kwenye simu, hata mama yangu mzazi sijamuonyesha.

Wiki iliyopita shangazi mwenyewe akaja Dar kununua mzigo wa duka lake. Hakuniarifu, akapita kwanza kuwasalimu wakwe zangu kama adabu inavyotaka, nasi tukaitwa. Tulimkuta kaketi, mama mkwe kamshika mkono.

"Alhamdulillahi, umenawiri kama hukuumwa figo."

"Figo ya nani?" shangazi akauliza.

"Si alikuuguza huyu mwanao hapa, mke wa Idi?"

"Huyu? Huyu sijamuona tangu harusi yake."

Wote wakanigeukia. Nilimtazama Idi, nikijua sasa atasema. Idi akanitazama usoni, akaniuliza mbele yao, "Sasa mke wangu, ulikuwa wapi muda wote ule?"

Niliinuka. Nikaondoka. Nyumbani nilimuuliza kwa nini, akasema mama ana presha kweli sasa, na ukweli kwamba mwanawe alimuacha mkewe mpakani utamuua. Anataka nikubali kwamba nilimdanganya na yeye, niombe msamaha. "Nitasema nimekusamehe, yaishe," anasema, kama vile ananipa zawadi.

Mawifi wameshaamua nilikuwa na mwanaume. Mama yangu analia, ananiambia niinamishe kichwa niokoe ndoa. Shangazi anasema nifungashe twende Songea. Na katika watu wote hawa hakuna hata mmoja aliyeniuliza kule nilikofika kukoje.

Jumapili baada ya alasiri wazee wa pande zote mbili wanakaa. Nikisema ukweli, Idi atakana; mihuri ya pasi inaonyesha nilikofika tu, kidole gumba chake si ruhusa, na shahidi sina. Nikisema anavyotaka, nitaishi maisha yangu yote kama mke aliyetoroka akasamehewa. Bado nampenda, hilo ndilo linaniudhi zaidi. Ndugu zangu mliokaa kwenye ndoa kuliko mimi, nisaidieni mawazo: nikipewa nafasi ya kusema mbele ya wazee, nisemeje?