Asiransi ya Meli Hapa Bunia

Siku ya kwanza ya kazi, Patron, bosi wangu, alinikalisha mbele ya mashine ya kuandikia, akaniuliza kama ninasoma Kifaransa vizuri. Nikajibu ndiyo. Akafungua kitabu kikubwa cha mufanyabiashara mumoja wa Ulaya, aliyeishi zaidi ya miaka mia mbili iliyopita na kuandika juu ya biashara ya ng'ambo na mambo ya feza. Patron alitoka Butembo, alikuwa anauzisha vitambaa na sabuni, na alitaka wafanyabiashara vijana wa Bunia wayasome yale kwa Kiswahili. Yeye alitafsiri kwa mudomo. Mimi, daktilo wake, nilipiga mashine.

Neno lililotusumbua ni asiransi: mwenye mizigo analipa kidogo mbele ya safari, na meli ikizama, yule aliyepokea anamulipa mali yote. Siye hatuna bahari. Mwishowe tulilieleza kwa lori ya njia ya Marabo inayoanguka mu matope.

Kisha vita ikaingia. Leo muji ulikuwa wa hawa, kesho wa wale, na sikujua tena mukubwa ni nani. Siku moja, nikipeleka karatasi zetu kwa fotokopi, asikari wa kizuizi walinisimamisha. Waliona meli, mizigo, ng'ambo. Wakasema ni mupango wa kuingiza silaha. Wakanifungia, wakamuita Patron, naye akaja.

Komanda wao alikuwa kijana mwenye sauti ya polepole. Akauliza:

"Huyu muzungu mwenye kuandika iko wapi?"

"Alikufa zamani, mukubwa," Patron akasema.

"Nani alimuua?"

Patron alinitazama, kisha akajibu kwamba labda ni uzee tu. Komanda hakuonyesha kama ameamini. Akaniamuru nisome. Nikasoma: vita ikianza, bei ya asiransi inapanda, kwa sababu hatari inakuwa mingi.

Komanda akauliza:

"Na mutu asiye na asiransi?"

"Hapo muzungu hakuandika kitu," Patron akasema.

Komanda akanirudishia karatasi.

"Basi muandike ninyi."

Akatuacha twende. Mpaka leo sielewi kwa nini.

Haikupita muda, wengine wakashika muji. Patron akakimbilia kwao Butembo, hakurudi tena. Mimi nilipiga mashine mu ofisi zingine mpaka nikazeeka. Tangu nipumzike kazi, nimejaribu mara nyingi kuandika ile sehemu ya mutu asiye na asiransi. Ninaweka kichwa cha maneno, kisha sijui nianze na nani.